TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 18: Unajua unazungumza na nani?



Ndugu zangu wa Qurus, wa Karatu mjini, wa Mang'ola, na kokote mnakosoma haya, poleni na swaumu. Tunamshukuru Allah (s.w.) kwa kutufikisha hapa, kumi la pili linaelekea ukingoni. Tafakuri ya leo ni ndefu kuliko za siku nyingine. Isome taratibu baada ya futari, na kama nyumbani yupo mzee ambaye herufi za simu zinamsumbua, msomee. Yeye ndiye anayeihitaji zaidi.

*Mwizi wa ghala la zakat*

Imam Bukhari amepokea kisa cha Abu Hurayra (r.a.), nacho ni kisa cha Ramadhani hasa. Mtume (s.a.w.) alimpa kazi ya kulinda zakat ya Ramadhani. Ilikuwa ni chakula. Usiku akaja mtu, akaanza kuchota kwa mikono yake. Abu Hurayra akamkamata, akamwambia, nakupeleka kwa Mtume. Yule mtu akaanza kulia shida: mimi ni mhitaji, nina familia, nina dhiki kubwa. Abu Hurayra akamwonea huruma, akamwachia.

Asubuhi Mtume (s.a.w.) akamuuliza habari za mfungwa wake wa jana usiku. Akaeleza. Mtume akamwambia kwamba yule mtu amemdanganya, na kwamba atarudi.

Akarudi kweli. Safari hii alilia shida tena, akaongeza na ahadi kwamba hatarudi. Akaachiwa. Usiku wa tatu akaja tena, akakamatwa. Sasa shida haikufaa na ahadi haikufaa, akabadilisha mlango: niachie nikufundishe maneno yatakayokunufaisha. Akamfundisha kusoma Ayatul Kursiy kabla ya kulala. Asubuhi Mtume (s.a.w.) akamwambia Abu Hurayra kwamba safari hii amemwambia kweli, ingawa mwenyewe ni mwongo. Kisha akamuuliza kama anamjua mtu aliyekuwa akizungumza naye siku tatu zote hizo. Abu Hurayra akasema hapana. Akaambiwa: huyo ni Shetani.

Wengi tunakitaja kisa hiki kwa ajili ya fadhila za Ayatul Kursiy, na ni haki yake. Leo nataka tukae kwenye lile swali la mwisho. Unamjua unayezungumza naye? Huyu ni sahaba, mwanachuoni, aliyehifadhi hadithi kuliko wenzake, na bado siku tatu alizungumza na mtu asiyemjua ni nani. Basi mimi na wewe tusijidai.

*Ghala la leo*

Ghala lako leo liko mfukoni. Mauzo ya vitunguu, mshahara wa kule lodge, bakshishi ya mgeni, ada ya mtoto, mchango wa futari, vyote vimo kwenye simu. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na wengine wakafuata, hata bibi mwenye kitochi ana ghala. Ni neema kubwa. Zamani hela ya kumtumia mama kijijini ilikuwa unampa dereva wa basi kwenye bahasha, ukibaki unaomba dua.

Na palipo na ghala, mwenye kuchota usiku atakuja. Tena huja kwa msimu. Alikuja kwa Abu Hurayra kwenye zakat ya Ramadhani kwa sababu ndiko chakula kilikokuwa. Leo watu wanatoa sadaka, wanakusanya fitri, wanajiandaa na Idi, wakulima wanatafuta hela ya mbegu na wanasubiri habari za mbolea ya ruzuku. Hela inatembea, na tapeli anatembea nayo.

Angalia sasa milango anayopitia. Ni ileile ya kwenye hadithi, na mmoja wa ziada.

*Mlango wa huruma.* Inaingia meseji inayofanana na ya muamala, kwamba umepokea shilingi 85,000. Dakika mbili baadaye mtu anapiga, sauti ya kulia: kaka, nimekosea namba, hiyo ni hela ya dawa ya mama, nirudishie. Wewe Mwislamu, umefunga, moyo laini. Unarudisha. Ile meseji ya kwanza ilikuwa ya kuandikwa tu, hakuna hela iliyoingia. Umemtumia hela yako mwenyewe.

*Mlango wa zawadi.* Umeshinda promosheni. Umechaguliwa kupata mkopo, umepata kazi, umepangiwa msaada wa Ramadhani kutoka taasisi ya nchi za Kiarabu. Ila kwanza tuma elfu ishirini ya fomu. Jiulize: anayekupa milioni anashindwaje kukata elfu ishirini humohumo?

*Mlango wa mazoea.* Hii mnaijua wote: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hana habari zako kabisa. Ametuma meseji hiyo kwa watu wengi mno, kama mvuvi anayetupa wavu Ziwa Eyasi bila kuona samaki. Kati ya hao wote hakosekani mmoja ambaye jioni hiyo alikuwa anataka kumlipa mwenye nyumba, au kumtumia fundi. Huyo akiona "ile hela", akili yake mwenyewe inamalizia habari. Tapeli hakujua lolote, wewe ndiye uliyemjazia.

*Mlango wa hofu.* Huu ndio wa ziada, na ndio unaowanasa hata wasomi. Laini yako itafungwa leo. Akaunti yako imezuiwa. Kuna mtu anatoa hela zako sasa hivi, tutajie namba ulizotumiwa tumzuie. Mtu akiogopa, hasomi. Anatii.

*Kwa wenzetu wa utalii*

Karatu ni mlango wa Ngorongoro, na vijana wetu wengi wanaishi kwa wageni: waongoza watalii, wapishi wa safari, wenye kambi na vyumba vya kulala wageni, wauza kahawa na vinyago. Hawa wanawasiliana na wazungu kwa barua pepe, na tapeli wao anakuja na barua pepe inayojifanya imetoka kwenye kampuni ya malipo ya mtandaoni, mara nyingi kwa jina la PayPal. Niwaeleze alama zake, kwa sababu barua hizi zimetengenezwa vizuri: nembo ipo, rangi zipo, hata maneno madogo ya chini kabisa yapo.

Barua ya kwanza husema akaunti yako imefungwa kwa muda, bonyeza hapa uthibitishe taarifa zako ndani ya saa 24. Ukibonyeza, unafika kwenye ukurasa unaofanana kabisa na ule wa kweli. Unaandika neno lako la siri, na hapo umempa ufunguo wa ghala kwa mkono wako.

Barua ya pili inamfuata mwenye biashara. "Mgeni" ameshalipa safari, tena amelipa zaidi kwa bahati mbaya. Inakuja barua ya "kampuni ya malipo" ikisema hela ipo lakini imeshikiliwa, na itaachiliwa ukishamtumia wakala fulani ile ziada kwa njia ya simu. Unatuma ziada ya kweli kutoka kwenye malipo ambayo hayapo. Ndugu yangu, hakuna kampuni ya malipo ya kweli inayokuambia utume hela kwanza kwa mtu wa tatu ndipo ikupe hela yako.

Sasa alama. Kwanza, tazama anwani iliyotuma, usitazame jina lililoandikwa juu. Jina mtu anajiandikia analotaka. Hata mimi naweza kuandika "Benki Kuu" ukutani kwa kibanda changu cha kuku. Pili, isome anwani herufi kwa herufi. Hila hii ni ya zamani: mwaka 2000 matapeli walisajili anwani ya paypai, ile herufi ya mwisho wakaiandika I kubwa, na kwenye skrini inafanana na l ndogo. Watu waliona PayPal. Leo wanaweka tarakimu 1 mahali pa l, au 0 mahali pa o. Tatu, kwenye linki ndefu mwenye nyumba si neno la kwanza. Ni lile neno linaloshikana na .com au .net ya mwisho, kabla ya mkwaju wa kwanza. Likianza jina la kampuni unayoijua halafu likafuata neno jingine ndipo ikaja .com, nyumba ni ya hilo neno jingine. Nne, tazama inakuitaje. Kampuni yenye akaunti yako inajua jina lako kamili. Barua inayoanza "Mteja Mpendwa" itilie shaka, na hata yenye jina lako usiiamini kwa hilo peke yake, maana majina yetu yako mitandaoni kila mahali.

Usitegemee kumkamata kwa makosa ya Kiingereza. Siku hizi wanaandika Kiingereza kizuri kuliko mimi na wewe.

*Kanzu ya Yusuf*

Mtu anasema: lakini ushidi ulikuwepo! Meseji ilikuwepo, nembo ilikuwepo, hata risiti ya benki alinipigia picha akanitumia.

Kumbuka Surat Yusuf. Ndugu zake walikuja kwa baba yao usiku, wanalia, na ushahidi mkononi: kanzu yenye damu. Machozi yapo, kanzu ni ya Yusuf kweli, damu inaonekana. Nabii Yaaqub (a.s.) hakukubali. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba aliitazama kanzu akaona haijachanika. Mbwa mwitu gani huyu anamla mtoto na nguo inabaki nzima? Mwenye kughushi siku zote kuna kitu anakisahau.

Kanzu ya leo ni meseji ya muamala. Ilichosahau ni salio. Meseji inasema umepokea, basi piga mwenyewe menyu ya mtandao wako, *150*00# kwa wa M-Pesa, na wengine namba zenu mnazijua, utazame salio. Kama haijaongezeka, hiyo ni damu ya mbuzi. Kwa barua pepe ni vilevile: usibonyeze linki iliyomo ndani. Funga barua, fungua mwenyewe akaunti yako kama unavyofungua siku zote, utazame. Kama kweli kuna tatizo, utalikuta humo.

*Kanuni moja ya kushika*

Kama utasahau yote, shika hii: *mazungumzo aliyoyaanza yeye yakate, anza ya kwako.*

Amekupigia mtu anasema ni huduma kwa wateja? Kata, piga 100 wewe mwenyewe. Mitandao na TCRA wametangaza mara nyingi kwamba huduma kwa wateja ni namba 100, kwa hiyo anayekupigia kwa namba ya kawaida ya 07 au 06 na kudai yuko huko, huna deni la adabu kwake. Amekuandikia mwanao kwa namba mpya kwamba simu imeharibika, anaomba hela ya matibabu? Piga namba yake ya zamani, au mpigie anayeishi naye. Amekuandikia "ile hela"? Mpigie uliyetaka kumlipa, kwa namba uliyonayo tangu zamani. Na kabla ya kuweka namba ya siri, lisome jina linalotokea. Jina si la unayemkusudia, simama.

Waliosoma madrasa wataona kwamba hapa hakuna jipya. Maulamaa wa hadithi walifanya kazi hii kabla ya simu. Mtu akileta maneno mazuri, hawakuanza na uzuri wa maneno. Waliuliza: umeyatoa kwa nani? Na huyo kayatoa kwa nani? Maneno ya kupendeza yenye sanadi iliyokatika waliyaweka pembeni. Meseji isiyo na sanadi nayo iweke pembeni.

Na katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, Allah anawaamrisha walioamini kwamba akiwajia mtu asiyeaminika na habari, waihakiki, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Tazama aya inavyoishia kwenye majuto. Aliyetumiwa na tapeli anajua majuto yalivyo saa saba usiku.

Wapo wanaosema, sheikh, kuhoji hivi ni kuwadhania watu vibaya, na mimi ni mwenye kutawakkal. La. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu amfunge ngamia ndipo atawakkal. Kulinda mali ni katika mambo matano ambayo sheria yetu imekuja kuyalinda, pamoja na dini, nafsi, akili na kizazi. Hiyo hela ya ada si yako peke yako, ni haki ya mtoto. Mwenye kweli haudhiki ukimwambia, ngoja nihakiki. Anayekasirika na kusema fanya sasa hivi, usikate simu, usimwambie mtu, huyo amejitambulisha mwenyewe. Haraka ndiyo harufu yake.

*Hela ya kweli iliyoingia kimakosa*

Nisieleweke vibaya. Yapo makosa ya kweli. Mtu akitaka kumtumia mkwewe, kidole kikateleza, hela ikaingia kwako, hiyo si riziki ya Ramadhani. Ni amana, na kuila ni haramu. Lakini namna ya kuirudisha isikuangamize: tazama salio. Ukikuta imeingia kweli, usiitoe na usimtumie anayepiga. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, nawe piga 100 ueleze. Wao wana uwezo wa kuirudisha ilikotoka. Hapo umetimiza amana na umelinda ghala. Mkweli atakushukuru, tapeli atakutukana. Yote mawili ni heri kwako.

*Zakat na michango yetu*

Tunakaribia siku za fitri. Fahamu hili: zakat haitoki shingoni mwako mpaka imfikie anayestahiki, au aliyewakilishwa kuipokea. Ukiituma kwa tapeli hujaifikisha. Kwa hiyo namba ya mchango iliyokuja kwenye kundi, hata kama imetumwa na mtu unayemjua, hakiki kwanza. Simu za watu zinaibiwa, akaunti za WhatsApp zinatekwa kwa kumwomba mtu zile tarakimu sita zinazokuja kwa meseji. Namba ya msikiti inasomwa kwa mdomo baada ya swala na imebandikwa mlangoni. Ikija namba nyingine kwa jina la imamu, muulize imamu. Sitachukia kuulizwa. Na ukiweza, mletee jirani fitri yake kwa mkono, debe ni debe.

*Kama limeshakupata*

Hapa nataka usome kwa makini, maana nyumba zinavunjika kwa jambo hili. Baba katuma laki tatu ya mbolea, anaogopa kumwambia mama. Binti kapoteza hela ya kikoba, anataka kujidhuru.

Kwanza, usikae nayo. Piga 100 palepale, taja muamala, omba wauzuie. Dakika za mwanzo ndizo zenye matumaini, kabla tapeli hajatoa hela kwa wakala. Kama ulitaja namba ya siri au neno la siri, badilisha palepale. Nenda polisi na meseji zako, usizifute. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalihesabu jambo hili kuwa jinai. Na meseji ya utapeli, hata kama haikukunasa, itume pamoja na namba iliyoituma kwenda 15040 ya TCRA, namba hiyo ifungwe asije akanaswa mwingine.

Pili, kumbuka lile neno la Mtume: atarudi. Aliyekula akaonja hukuweka kwenye orodha. Wiki ijayo atakupigia "afisa" mwenye sauti nzito, anasema tumemkamata mwizi wako, lipia gharama kidogo tukurudishie. Ni yuleyule, amebadilisha kanzu. Muumini hatakiwi kuumwa mara mbili kwenye tundu moja, ndivyo tulivyofundishwa.

Tatu, ewe jamaa yake, usimcheke. Rudi kwenye kisa uone: Mtume (s.a.w.) hakumkaripia Abu Hurayra, hakumwita mjinga, hakumvua kazi ya ulinzi. Alimpa habari ya kumsaidia usiku unaofuata. Ukimcheka mwenzako, wa pili akitapeliwa atanyamaza, na ukimya wetu ndio mtaji wa tapeli.

Nawe uliyetoa kwa huruma, ujue kuna hadithi kwa Bukhari na Muslim ya mtu aliyetoa sadaka usiku, ikaangukia mikononi mwa mwizi, na hakunyimwa kheri ya sadaka yake. Niya yako njema ya sadaka kwa Allah haikupotea. Huruma usiitupe, iongezee macho.

*Neno kwa kijana anayefanya kazi hii*

Najua na wewe unasoma, au rafiki yako anasoma. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini ya ile kavu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, akaeleza kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Hiyo ilikuwa nafaka yenye unyevu tu. Itakuwaje kwa anayeuza hewa tupu kwa machozi ya uongo?

Unafunga, lakini unafuturu nini? Tumeelezwa katika hadithi sahihi juu ya msafiri aliyechakaa kwa safari, anainua mikono kuomba, na chakula chake ni haramu, kinywaji chake haramu, vazi lake haramu. Atajibiwa vipi? Unanyanyua mikono witri kwa shati la hela ya dawa ya bibi wa watu.

Na usiseme, mimi sipigi simu, nimewakodisha laini tu. Laini iliyosajiliwa kwa kidole chako ni sahihi yako. Surat al-Maida aya ya 2 inatukataza kusaidiana katika dhambi. Mlango wa toba uko wazi, na siku hizi umefunguliwa hadi mwisho, lakini haki ya mtu haifutwi kwa rakaa. Rudisha. Una namba zao, si ndiyo? Usipompata mwenyewe, itoe sadaka kwa niaba yake, na laini ifunge.

*Kazi ya leo, kama darasani*

1. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Wapo wasajili wasio waaminifu waliomwambia mtu weka kidole tena, haijasoma, kumbe wanasajili laini ya pili. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao huo uifute.

2. Kaa na mzee mmoja, mzazi au jirani, umsomee ile milango minne. Jirani Mkristo umweleze pia, tapeli hamuulizi mtu dini yake. Mwambie namba ya siri haitajwi kwa yeyote, awe mtoto, wakala, afisa au sheikh.

3. Nyumbani kwenu wekeni neno moja la siri la familia. Mtu akipiga kwa shida ya hela, aulizwe hilo neno. Asiyelijua, mazungumzo yameisha.

Kisha kabla ya kulala soma Ayatul Kursiy. Mwongo aliisema kweli, na Mtume (s.a.w.) akaithibitisha. Kilichoifanya tuichukue ni uthibitisho wa Mtume, si ulimi wa yule mwizi. Fanya hivyohivyo na kila habari njema inayotoka kwa usiyemjua.

Ewe Mola wetu, zikubali swaumu zetu na sadaka zetu. Zilinde riziki za halali walizozitokea jasho waja wako. Wafidie waliodhulumiwa kwa kilicho bora, warudishe waliodhulumu kabla mauti hayajawakuta, na utupe macho ya kuijua haki na batili. Aamin.

Kesho inshallah tutazungumzia maandalizi ya itikafu kwa mwenye shamba na mifugo. Msambazie mwenzako tafakuri hii, na msomee asiyejua kusoma.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.